Sinia la Mwaka wa Kwanza

Adelphi, Maryland
26 Januari 2025

Mdogo wangu Anitha,

Natumaini hujambo na kifua kimepoa. Sisi huku tunapumua. Theluji imelala mbele ya jengo letu wiki ya pili sasa, imeshakuwa nyeusi kwa moshi wa magari ya University Boulevard, na shemeji yako Gwakisa anaamka mapema kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla hajaenda kuchukua basi la shule analoendesha. Mama nimeongea naye Jumapili. Goti limemrudia, lakini bado anashuka mwenyewe kwenye kahawa, na ukimkataza anajifanya mtandao umekata.

Unajua kwa nini nakuandikia kwa karatasi. Kwenye simu mimi na wewe hatumalizi dakika kumi kabla mmoja hajamkatia mwenzake, na sasa mwanangu yuko chumba cha pili hapo kwako, anasikia kila kitu. Barua angalau haipandishi sauti.

Nashukuru umempokea Abigail. Chuo chake cha College Park kimempeleka huko miezi mitano asome mambo ya kale ya kisiwa chenu cha Gozo, na yale mashamba ya chumvi yaliyochongwa kwenye mwamba, na jinsi joto la siku hizi linavyoyabadilisha. Mimi nilimwambia Kibosho pia kuna mambo ya kale na joto limeongezeka, hakunisikia. Amebeba sweta mbili tu. Maini hali. Kitunguu kibichi hali. Akikuambia "I'm fine", ujue hayuko sawa hata kidogo, umkalie karibu umwache aanze mwenyewe. Hayo nayajua mimi niliyemlea.

Sasa lile jambo. Abigail anajua kwamba tulikuja Marekani pamoja, mimi na yeye, akiwa na miaka mitatu na nusu. Naomba aendelee kujua hivyo. Kwake wewe ni Auntie Anitha wa kwenye picha. Habari za ile miaka aliyokaa kwako, wakati mimi nimeshatangulia huku, sitaki zitajwe. Ulinipa neno lako na mimi nimeliamini miaka yote hii.

Na kwa kuwa sisi ni ndugu sitakuficha. Ile picha mliyotuma kutoka bandarini, umemfunika kanga yako kichwani kwa ajili ya mvua, niliitazama nikashindwa kula chakula cha mchana.

Ni mimi dada yako,
Genoveva


Gharb, Gozo
16 Februari 2025

Dada Geno, shikamoo.

Kifua kimepona, kimehamia mgongoni. Wazee wa nyumba ninayofanya kazi wako salama, isipokuwa Bibi Cetta, yule mfuma lesi, ambaye amegoma kuoga mpaka apewe mto wake wa kufumia. Shemeji Gwakisa mpe salamu, na Mama nitampigia, ila na mimi ananikatia mtandao hivyohivyo.

Sweta mbili hazikutosha, nimemnunulia ya tatu. Watu wanadhani Mediterania ni jua na miwani. Njoo Februari uone. Nyumba za mawe huwa baridi kuliko nje, kuta zinatoa jasho, nguo zinakaa kwenye kamba siku nne na bado zina unyevu. Upepo ukichafuka meli ya kwenda Malta inafungwa na sisi tunabaki na kisiwa chetu. Halafu juzi ukageuka ukatoka kusini, mvua ikanyesha matope, vumbi la Sahara lote limo. Nilitoka asubuhi nikakuta magari mekundu kama njia ya kupandia kwetu Kibosho. Nililia pale pale barabarani, na Abigail akanishika mkono bila kuuliza kitu.

Sasa nikupe habari. Jumamosi tulikwenda kwa mama mmoja anaitwa Rozi, ambaye ukoo wao unavuna chumvi tangu enzi za babu wa babu. Wakati huu hakuna mavuno, mawimbi yanaoga kwenye vile vidimbwi vya chumvi, basi alikuwa ghalani anahesabu mifuko ya mwaka jana. Hesabu za hawa watu ni za Kiarabu kama zetu: hamsin, sittin. Alipotua kupumua, Abigail akadakia: "Sabini, themanini, tisini." Kwa Kiswahili, dada! Akajishika mdomo. Akaniambia, "I didn't know I knew that." Nikamweleza kwamba kwao dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, na hata hiki kijiji, Gharb, maana yake ni magharibi, na kweli kiko magharibi. Tangu siku hiyo haniongeleshi Kiingereza. Ngeli anazivunja vibaya, anasema "kiti yangu" na "mtoto zangu", lakini anaongea kutwa nzima mpaka naomba anyamaze nisikie redio.

Neno nililokupa nimelishika. Kuna kitu kimoja tu. Hilo "Auntie" huku ni la kila mtu, hata mwenye duka anaitwa Auntie, basi nikamfundisha kwamba mdogo wake mama anaitwa mama mdogo. Alilipenda. Ila baada ya wiki moja "mdogo" limedondoka njiani, imebaki Mama. Sikulidondosha mimi.

Mdogo wako anayekupenda hata ukinuna,
Anitha


Adelphi
8 Machi 2025

Anitha mdogo wangu,

Salamu nimepokea. Theluji imeyeyuka, mafua yamechukua nafasi yake. Gwakisa anashukuru.

Hilo "mdogo" lililodondoka, rudi uliokote umpe.

Usiniambie ni desturi. Najua ni desturi, nimezaliwa Kibosho kama wewe, nimewaita mama zangu wadogo wote Mama na sikuona shida. Lakini wale hawakuwahi kukaa na mimi miaka mitatu. Unanielewa vizuri sana. Likitoka kinywani mwake mara ya kwanza ni utani, likitoka mara ya mia linaweza kuamsha kitu huko ndani kilikolala.

Na hicho Kiswahili! Miaka kumi na saba namwongelesha Kiswahili nyumba hii ananijibu Kiingereza. Namwita "njoo ule", anasema "I'm coming". Namwambia "pole", anasema "thanks". Wewe wiki tano tu, anakuhesabia mifuko ya chumvi! Nilimsomea Jepkosgei barua yako tukiwa mapumziko kazini. Ni muuguzi, Mkenya wa Eldoret, hana adabu ya kunyamaza.

Akasema, "Aki Geno, si hata kwetu dada ya mama ni mama tu? Mtoto ame-enjoy, shida iko wapi?"

Nikamwambia, "Wewe una wavulana watatu wanaokuita 'bro'. Hutajua."

"Hiyo ni wivu, my dear. Usiitafutie jina ingine."

Nikamwambia ndiyo, ni wivu, na zamu ya kumgeuza mzee wa chumba namba nne leo ni yako. Basi nimekuandikia wewe pia ujue: ni wivu. Naona wivu juu ya hiyo sweta ya tatu. Naona wivu juu ya matope ya Sahara, kwamba yamekunyeshea wewe ukiwa umeshikwa mkono na mwanangu.

Dada yako,
Genoveva


Gharb
25 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Sote wazima. Rozi ameanza kusafisha vidimbwi, anasugua mwani kwa ufagio mgumu, na Abigail anapima kina cha kila kimoja na kuandika. Mgongo umemvunjika lakini anafurahi.

Nimemwambia arudishe "mdogo". Akauliza kwa nini, nikamwambia ndivyo adabu. Sasa ananiita "Mama Mdogo" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kanisani. Umepata ulichotaka.

Tarehe 12 Aprili anatimiza miaka ishirini na moja. Nitaoka keki. Wewe piga saa tisa mchana, tutakaa na simu mezani tukusubiri ndipo akate keki.

Na mimi nikuambie moja, kisha tusonge mbele. Wewe unaona wivu wa neno. Mimi niliwahi kumpeleka mtu uwanja wa ndege wa KIA, nikamkabidhi kwa mama wa watu aliyekuwa anasafiri, nikamwambia naenda kumnunulia juisi. Habari hiyo sijawahi kukuandikia na leo pia siiandiki.

Anitha


Adelphi
14 Aprili 2025

Anitha,

Sikusalimu. Gwakisa ndiye anayekusalimu.

Nilibadilishana zamu na Jepkosgei nitoke mapema. Nikatoka mbio, nikakaa kwenye gari mbele ya kazini, saa tisa mchana juu ya alama nikapiga. Inaita tu. Nikapiga mara kumi na moja. Mwanangu anatimiza ishirini na moja, na mimi niko kwenye maegesho nasikiliza simu inavyoita kwenye nyumba yako. Niliwaona kabisa: wewe na yeye mezani, keki imeshakatwa, simu inalia, na wewe unamwambia iache.

Kesho yake nilipompata akaniambia, "It's fine, Mum." Nilikuandikia Januari maana ya hiyo "fine".

Kama ulitaka kunilipa ile ya KIA, umenilipa. Mwezi ujao muhula unaisha, mrudishe mwanangu.

Genoveva


Gharb, Gozo
11 Mei 2025

Dada Geno, shikamoo, na uketi kwanza.

Saa tisa mchana niliyoandika ni ya huku! Huku ikiwa saa tisa mchana, kwenu ni saa tatu asubuhi na mshale wa saa yako ya ukutani uko kwenye tisa. Ungeisoma tu kama Wamarekani wanavyoisoma, ungepatia. Miaka ishirini umekaa Marekani, na siku hiyo moja ukaamua kuhesabu saa kama mtu wa Kibosho! Ulipopiga wewe, huku ilikuwa saa tatu usiku, tuko kanisani, kesho yake Jumapili ya Matawi, simu imebaki nyumbani. Na ile saa tisa yetu, mtoto alikaa mbele ya keki na kisu mkononi mpaka krimu ikaanza kuteremka. Alikupigia, simu yako imezimwa. Najua kazini kwenu mnazifungia kabatini. Yeye alisema, "Mama amesahau." Nikamwambia hajasahau.

Makanisa mengi ya visiwa hivi yana saa mbili mnarani, moja ya kweli na moja ya uongo. Wazee wanasema ile ya uongo ni ya kumchanganya shetani asijue misa ni saa ngapi. Sisi tunajichanganya bila kujenga mnara.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumapili iliyopita, kwa sababu kitakufikia. Mjukuu wa Rozi ametimiza mwaka mmoja. Wana desturi yao inaitwa quċċija. Wanatandika sinia sakafuni na kuweka vitu: yai, kalamu, rozari, kijiko, kitabu, uzi wa lesi. Mtoto anaachiliwa atambae. Atakachoshika kwanza, hicho ndicho kitakachokuwa maisha yake. Huyu alishika kijiko, ukumbi mzima ukapiga makofi, mpishi huyo, na bibi yake akasema afadhali kuliko baba yake aliyeshika yai na hajafanya lolote mpaka leo.

Abigail alicheka na wenzake. Halafu akanigeukia: "Mama Mdogo, mimi ningeshika nini?"

Dada, mimi nilikuwepo siku alipotimiza mwaka. Najua alishika nini. Nilikuwa na sahani ya lozi mkononi, nikaiweka chini. Nikamwambia, "Muulize mama yako." Kwa hiyo atakuuliza.

La mwisho. Mavuno ya chumvi yanaanza sasa mpaka Septemba, na chuo kimemruhusu abaki ayaone. Sijamshawishi. Usinitukane kabla hujaongea naye.

Anitha


Adelphi
20 Julai 2025

Mdogo wangu Anitha,

Nimechelewa kukujibu, miezi miwili, na sababu si posta. Huku joto limekuwa la kubandika nguo mwilini, kiyoyozi cha sebuleni kimekufa, Gwakisa analala sakafuni na shule zimefungwa kwa hiyo anashinda ananiangalia. Mama amenunuliwa fimbo, anaitumia kuonyeshea watu njia. Haya, salamu zimekwisha, hakuna pa kujificha tena.

Aliniuliza. Nikamwambia siku ile alivaa gauni la njano, nilimwekea Biblia yangu na kijiko na kalamu, akashika Biblia. Nilisema bila kupepesa macho. Akasema, "Nitumie picha." Nikasema picha zilipotea tulipohama. Wiki iliyofuata akauliza tena, keki aliioka nani. Wiki nyingine, nyumba ilikuwa ipi, ya Bibi au ya mjini. Kila nikijibu, jibu linadai jibu lingine. Mwisho akaniuliza kwa Kiswahili, na ndiyo mara ya kwanza kuniongelesha Kiswahili tangu awe mtu mzima: "Mama, wewe ulikuwepo?"

Nikamkatia simu. Mwanangu mwenyewe, kama ninavyokukatia wewe.

Anitha, nilikuandikia Machi kwamba miaka kumi na saba namwongelesha Kiswahili hajibu. Nilidanganya. Alipoletwa kwangu alikuwa anaongea Kiswahili kama redio, unajua mwenyewe, ulimfundisha wewe. Na alikuwa anakaa mlangoni na viatu vyake miguuni anasema, "Nataka Mama." Nampikia, anasema nataka Mama. Nambeba, ananiangalia usoni vizuri kabisa, anasema, "Wewe nani? Nataka Mama." Wiki ya tatu nikachoka. Nikafunga Kiswahili. Nikaanza kumwongelesha Kiingereza, hiki changu cha kubahatisha, kwa sababu kwa Kiingereza hakuwa na neno la kukuitia wewe. "Mum" lilikuwa jipya, halina mwenyewe, nikalichukua. Baadaye alipokuwa mkubwa nikamrudishia Kiswahili, akawa hana habari nacho, na mimi nikawa nalalamika kwa watu kwamba watoto wa Marekani hawajibu.

Nilimfuata Gwakisa nikidhani ni miezi sita, mtoto alinyimwa visa, ikawa miaka mitatu. Hilo si kosa langu na ningeweza kumweleza tangu zamani. La kumnyang'anya ulimi ili asikuite, hilo nilishindwa kumweleza.

Nakuonea wivu hata sasa hivi ninapoandika. Wewe uliona meno yake ya kwanza. Wewe unajua alishika nini na mimi mama yake nimebuni Biblia. Mwambie, Anitha. Nakurudishia neno lako. Mwambie yote, hata hilo la Kiingereza, na kama alishika kitu siku hiyo, mwambie ni nini, kisha na mimi uniambie.

Dada yako,
Geno


Gharb, Gozo
10 Agosti 2025

Dada yangu Geno, shikamoo.

Barua yako ilikuja wiki ya joto kali, ndiyo maana karatasi hii ina jasho. Mvua hatujaiona tangu masika. Nyasi zote zimekuwa rangi ya mkate, mipungate tu kando ya kuta za mawe ndiyo inayoonekana hai. Sikukuu ya kijiji ilipita Julai, fataki siku tatu, Bibi Cetta alitolewa nje kwa kiti cha magurudumu akamkosoa kila aliyebeba sanamu. Mama amenipigia kunisifia fimbo.

Nilimwambia Jumanne, kwenye chumvi. Wakati huu maji ya vidimbwi yameshakauka na wanaifagia chumvi taratibu kuipeleka katikati, inakuwa vichuguu vyeupe. Alikuwa na ufagio, mimi nina ndoo. Nilisimulia kila kitu: visa, miaka mitatu, KIA, juisi ambayo sikununua, halafu Kiingereza chako. Hakuacha kufagia hata mara moja. Nilipomaliza alifagia kichuguu kingine kizima, kisha akauliza swali moja tu: "Alikuwa anapiga simu?"

Nikataka kumjibu kwamba laini za siku hizo zilikuwa mbovu. Nilishalifungua domo. Hilo ndilo nililokuambia wewe miaka ishirini iliyopita, na nilikuwa nimelizoea mpaka naliamini. Ikabidi nimwambie kweli, na wewe nakuandikia vilevile nilivyomwambia yeye.

Siku alipotimiza mwaka nilimwoka keki kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu. Hakukuwa na sinia la quċċija, kulikuwa na mkeka tu, na juu yake mwanasesere niliyemshona, mpira, kijiko na zile shanga zangu alizozipenda. Nilikuwa nimekaa mwisho wa mkeka nimenyoosha mikono namwita aje. Simu ya jirani ikalia, mtoto wa jirani akaileta mbio, nikaiweka chini kwenye kipaza sauti, nikiwa bado namwita. Ukasema, "Abi? Abi wangu?" Akasimama katikati ya mkeka. Akageuka. Akapita mwanasesere, akapita shanga, akaiokota ile simu kwa mikono miwili akaibandika shavuni. Nilijaribu kuichukua niongee na wewe, akanipigia kelele. Ulikuwa unaita, "Haloo? Haloo? Anitha, mbona hamjibu?" na yeye ametoa macho, hapepesi, anapumua kwenye simu mpaka kadi yako ikaisha. Hata ilipokatika hakuiachia.

Jioni ulipiga tena, ukaniuliza mbona ulisikia pumzi tu. Nikakuambia laini ilikuwa mbovu, labda ni upepo. Na kila Jumapili baada ya hapo ulipopiga nilitoka na simu nje, asikusikie. Ndiyo maana alipofika kwako alikuuliza wewe ni nani.

Abigail amekata tiketi ya tarehe 3 Septemba. Amesema atakuongelesha mwenyewe, kwa Kiswahili, na uwe tayari kwa ngeli zake.

Ulitaka kujua alishika nini. Mimi ndiye niliyeoka keki ile, dada, na alikushika wewe.

Anitha